Ikishindikana, Irudie

Jumatatu saa nne asubuhi Taratibu alirudi nyumbani ameshika barua kwa ncha za vidole, kama mtu aliyemshika panya kwa mkia. Aliiweka juu ya meza ya cherehani, akavua viatu, akakaa. Mama yake, ambaye nyumba nzima na mtaa mzima walimwita Bi Mkubwa, alikuwa katikati ya kupinda shuka la mteja. Aliitazama barua, akamtazama mwanawe, kisha akaendelea kukanyaga mpaka mwisho wa pindo, kwa maana pindo likiachwa katikati hupotoka.

"Kafa nani?" akauliza alipokata uzi.

"Hajafa mtu, mama. Nimesimamishwa kazi."

"Aliyesimamishwa hajaangushwa. Mwite mkeo aisome. Wewe ukisoma tutafika kesho."

Mkewe alikuwa chumba cha pili, siku hiyo akifanyia kazi nyumbani. Bi Mkubwa alimwita Mwandishi, na ilikuwa vigumu kujua lini anamsifu na lini anamchokoza. Alitoka na miwani kichwani, akaichukua barua, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa fupi. Ilisema Taratibu, karani wa zamu katika ofisi ya mizigo, hakufuata maelekezo ya kazi, akasababisha mawakala wote kumi na wawili wafungiwe nje kwa saa sita. Alitakiwa afike mbele ya kikao Alhamisi, saa tatu asubuhi, aeleze kwa nini asiachishwe.

"Hukufuata maelekezo?" Mwandishi akashangaa. "Wewe?"

Mshangao wake ulikuwa na haki. Jina la Taratibu alipewa na wachukuzi wa mizigo, kwanza kwa sababu ya mwendo wake, pili kwa sababu hakuna alichogusa kabla ya kusoma kilichoandikwa juu yake. Hata chupa ya gundi aliisoma pande zote ndipo akaifungua.

"Maelekezo gani hayo lakini?"

Taratibu alikuwa anatazama soksi zake. "Yenu," akasema. "Yale uliyoyaandika wewe."

Bi Mkubwa akageuza kiti. "Nielezeni na mimi niliyeishia darasa la nne. Hao mawakala ni watu?"

"Si watu, mama. Ni programu za akili mnemba," Taratibu akasema. "Mteja akipiga simu kuuliza mzigo wake, wakala ndiye anayejibu. Mwingine anapanga gari gani libebe nini. Mwingine anamwambia dereva ashushe wapi."

"Na nyinyi mnafanya nini?"

"Tunawaangalia."

"Kazi nzuri. Endelea."

"Sasa kila wakala ana kibali cha kumwingiza kwenye daftari la mizigo, na kibali kinakufa kila baada ya saa moja. Kwa hiyo anapewa na hati pembeni, ya kuombea kibali kingine. Akiipeleka hati mlangoni anapewa kibali kipya pamoja na hati mpya, na ile ya zamani inakufa hapo hapo."

"Si wampe kibali cha mwaka mzima, mtu apumzike?"

"Kikiibwa, mama, mwizi naye anapumzika mwaka mzima," Mwandishi akajibu. "Ndiyo maana hati inatumika mara moja tu. Ikiletwa tena mara ya pili, mlango unajua kuna wizi. Na kwa kuwa haujui mwizi ni yupi, unawafungia wote. Ukoo mzima."

"Na mwanangu akaipeleka iliyokufa."

"Nilifuata karatasi, mama," Taratibu akasema, safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

Karatasi haikuwa karatasi. Kampuni ya Mwandishi ilitengeneza chombo cha kuwabadilishia mawakala hati hizo chenyewe, mtu asiguse kitu. Ila mara chache mtandao ulikatika katikati ya kazi, na hapo chombo kilimwomba karani amalizie kwa mkono. Kidirisha kidogo kilijitokeza kwenye skrini kikiwa na hatua tano. Hatua hizo tano, neno kwa neno, aliziandika Mwandishi.

"Basi hukuisoma vizuri," akasema.

Alilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango kwa sababu ya upepo. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo miezi yake sita ya majaribio ilikuwa inakwisha, na Mhandisi, yule aliyekibuni chombo na kumwajiri yeye, alikwisha mwambia kwamba barua ya ajira ya kudumu ipo mezani inasubiri sahihi. Nyumba ile ilisimama kwa mishahara miwili, kama meza ya miguu miwili iliyoegemezwa ukutani. Ukuta wenyewe ulikuwa cherehani ya Bi Mkubwa.

Taratibu alizivua soksi zake, akazikunja moja ndani ya nyingine, akaziweka ndani ya kiatu.

*

Jumanne Mwandishi alikwenda ofisini, vyumba viwili juu ya duka la rangi. Alikuta watu wanacheka.

"Njoo usikie," Mhandisi akamwita. Alikuwa mwanamume mwembamba, asiye na ubaya wowote, aliyeamini kwamba kila tatizo duniani ni mtu aliyebonyeza asipotakiwa. "Kuna karani kule kwenye mizigo kawafungia nje mawakala kumi na wawili kwa mkupuo mmoja. Kachukua hati iliyokwisha kutumika, karudisha! Kulikuwa na vifaranga mia tatu kwenye maboksi, wamekaa mapokezi wanalia, hakuna gari lililojua liwapeleke wapi."

"Wakafa?" Mwandishi akauliza.

"Kama thelathini. Mfugaji alitaka kumtoa mtu roho." Akacheka tena, akajizuia. "Lakini na yeye jamani. Si ameandikiwa? Mtoto wa shule angefuata."

Hakuna pale ofisini aliyejua mumewe anafanya kazi wapi. Hawakumuuliza, naye hakuwahi kuona sababu ya kusema. Sasa sababu ilikuwepo, na Mwandishi akatabasamu pamoja na wenzake.

"Jaza taarifa ya tukio," Mhandisi akamwambia. "Chanzo, andika kosa la mtumiaji."

Akakaa. Akafungua taarifa. Kwenye mstari wa chanzo akaandika: *kosa la mtumiaji*. Ni maneno matatu tu, lakini alipoyamaliza alijikuta anafuta viganja kwenye sketi.

*

Jioni alimkuta mumewe anatoka kupeleka mashuka ya wateja wa mama yake, ameyapanga begani kama muuzaji. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alikuwa amemsimamisha.

"Baba, leo hukwenda kazini?"

"Niko likizo."

"Na jana?"

"Likizo ni ile ile, mama."

Hawajakaa vizuri ndani, mlango ukagongwa. Alikuwa mchukuzi mmoja wa ofisi ya mizigo, mtu mnene wa mabega na mwoga wa macho, ameshika mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na sweta ya Taratibu, kalenda yake ya mezani na kikombe chake cha bati.

"Si kwamba umefukuzwa, Taratibu," mchukuzi akasema, akiutua mfuko chini na kuusogeza kwa mguu. "Ila kuna kijana wamemkalisha pale kwenye kiti. Kikombe alikuwa anatilia kalamu. Nikaona nikuletee, nisije nikampiga mtoto wa watu."

"Ahsante."

"Na mimi niliwaambia. Niliwaambia huyu bwana kamba haifungi bila kusoma kilichoandikwa kwenye boksi. Wakasema nani kakuuliza."

"Karibu ndani," Bi Mkubwa akamwambia.

"Nimeshakaribia, mama." Akaondoka mbio mbio kama aliyeleta msiba.

Taratibu akakiosha kile kikombe. Akakiosha tena. Mwandishi alisimama nyuma yake akitaka kumgusa, lakini mkono wake ulikuwa mkono ule ule ulioandika asubuhi, akaona aibu kuupeleka.

*

Jumatano Bi Mkubwa alimaliza suruali. Aliikata kutoka kitambaa cheusi alichokuwa amejiwekea kwa shughuli nyingine, akisema mtu hawezi kwenda kujitetea huku magoti yanang'aa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado liko dirishani. Mwandishi alikuwa mezani anachambua mchele.

"Ijaribu," Bi Mkubwa akamwambia mwanawe. "Ikikubana kiunoni usiing'ang'anie, sina tena kitambaa cha kuongeza. Ile ya zamani nimeipiga pasi. Irudie."

Mwandishi akainua kichwa. "Umesemaje, mama?"

"Nimesema isipomkaa airudie."

"Airudie nini?"

"Suruali ya zamani! Wewe leo vipi? Irudie nini, mchele?"

Mwandishi aliuacha mchele. Alikwenda chumbani akarudi na kompyuta, akaifungua kwenye kile kidirisha, hatua ya nne. Taratibu alikuwa ameingiza mguu mmoja kwenye suruali mpya.

"Njoo unisomee hapa."

"Ngoja nivae."

"Njoo hivyo hivyo."

Akaja akirukaruka. Akainama, akasoma kama alivyosoma kila kitu, kwa kidole: "'Weka hati mpya mahali pa hati ya zamani. Ikishindikana, irudie.'"

"Enhe. Irudie nini?"

"Ile ya zamani. Si ndicho nilichofanya? Niliweka mpya, ikakataa. Ikishindikana, irudie. Nikairudia."

"Nilimaanisha irudie hatua. Yaani uiweke tena ile mpya. Ya zamani ilikwisha kufa."

Taratibu akasoma upya, midomo ikicheza. "Hatua iko wapi hapa?"

"Haipo."

"Hati ipo. Ipo mara mbili."

"Nimeona."

"Na ya mwisho kutajwa ni ya zamani."

"Nimeona, jamani, nimeona!" Akavua miwani. Mwanzo alikuwa ameandika *rudia hatua hii*. Mhandisi akasema maneno ni mengi, kidirisha kinabeba mistari miwili, watu wenyewe hawasomi, fupisha. Naye akafupisha. Maneno matatu akayafanya moja. Alikumbuka hata raha aliyoipata siku ile, alivyoona sentensi imekaa imara, fupi, nzuri. Hati, hatua, zote *i*. Kiswahili kilimpa herufi moja ya kubebea vitu viwili, akaipakia vyote bila kutazama.

"Kwa hiyo sikukosea," Taratibu akasema. Alikaa kitini na suruali imening'inia mguu mmoja.

"Hukukosea. Ulifuata."

Uso wake ukalegea kwa nafuu. Halafu nafuu ile ikakunjamana.

"Usiseme," akasema.

"Nini?"

"Usiseme popote. Mimi kesho nitaomba radhi, nitasema nilipitiwa. Wakinitoa wanitoe. Wewe keshokutwa unapata barua yako. Mmoja wetu abaki."

"Na ukitoka pale na karatasi inayosema hufuati maelekezo, nani atakuchukua? Wewe una kitu gani kingine zaidi ya kufuata maelekezo?"

Lilikuwa neno kali, lakini Taratibu hakukasirika, kwa sababu lilikuwa kweli. "Nitashona na mama."

"Nani kakuajiri?" Bi Mkubwa akadakia. "Nimeliona pindo lako jana. Lile ni pindo au ni njia ya konokono?"

Wote wakacheka, kicheko cha kujiiba, kikakatika. Mwandishi akamgeukia mkwewe. "Mama, wewe unasemaje?"

Bi Mkubwa alikuwa anaokota vipande vya nyuzi kwenye sakafu, kimoja kimoja. "Mimi simo. Huyu nimemzaa, na wewe ndiye unayenisugua dawa mgongoni. Msinichagulishe." Akainuka kwa kushika meza. "Ila neno likishatoka mdomoni kwa mtu ni la kwake. Sijapata kuona neno lililopelekwa kwa jirani likalelewe."

Mwandishi akatoka uani na simu. Mhandisi alipokea mara moja. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Bado hakuna."

"Basi tulia. Tutarekebisha sentensi kimya kimya, yataisha."

"Kikao ni kesho. Yule karani watamwachisha."

"Inasikitisha. Lakini huwezi kwenda kwa mteja kuzungumzia kasoro bila ruhusa. Iko kwenye mkataba wako."

"Yule karani ni mume wangu."

Alisikia Mhandisi akisogeza kiti.

"Ungesema tangu jana."

"Ndiyo nasema sasa."

"Mimi siwezi kukuruhusu. Hata nikitaka. Ukienda, umekwenda kwa miguu yako."

"Miguu ni yangu," Mwandishi akasema, akakata simu.

*

Kikao kilikaa nyuma ya ofisi ya mizigo, kwenye chumba cha mizani, kwa kuwa ndicho chenye mlango unaofunga. Meneja, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikaa kwenye kiti pekee chenye egemeo. Pembeni yake alikaa afisa utumishi na faili. Taratibu alisimama karibu na mizani, ndani ya suruali mpya ambayo haikumbana.

"Unasemaje kuhusu tuhuma hii?" afisa akaanza.

Taratibu akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno mlango ukasukumwa, Mwandishi akaingia na karatasi mkononi, na mlinzi nyuma yake akilalamika kwamba alimkataza.

"Wewe nani?" Meneja akauliza.

"Samahani, mama. Mimi ndiye niliyeandika maelekezo anayosemwa hakuyafuata."

"Na ni mkewe," mlinzi akaongeza. "Tuseme yote."

"Ni kweli, ni mkewe. Ndiyo maana siombi mniamini. Naomba msome tu." Akagawa karatasi. Mstari ulikuwa mmoja, ule wa hatua ya nne. "Kila mtu asome kimya, halafu aseme angefanya nini. Msiulizane."

Afisa akamtazama Meneja. Meneja alikwisha vaa miwani.

"Hiki ni Kiswahili cha kawaida," akasema. "Naweka mpya. Ikikataa, narudi kwenye ya zamani."

"Hapana, mama," afisa akasema. "Hapa anaambiwa arudie kuweka. Afanye tena."

"Imeandikwa wapi afanye tena?"

"Irudie. Kurudia si kufanya tena?"

"Ukimrudia mkeo unafanya nini tena? Unarudi kwake!"

Mchukuzi, aliyekuwa anachungulia mlangoni na wenzake wawili, akaangua kicheko. Meneja akamnyooshea kidole. "Wewe, ingia. Soma."

"Mimi ningeita fundi," mchukuzi akasema.

"Hukuulizwa hilo."

"Basi ile ya zamani, mama."

Akaitwa pia mama anayegonga stempu dirishani, mwanamke asiyependa kusumbuliwa. Alisoma mara moja, akairudisha karatasi. "Hati mpya. Anaambiwa akaombe hati mpya kwa mara nyingine. Kuna jingine?"

"Sasa hiyo imetoka wapi?" afisa akamaka.

"Imetoka hapo uliponipa nisome."

Kwa muda chumba kizima kikawa soko. Afisa alieleza sarufi, mama wa stempu alimweleza alikotoka yeye na sarufi yake, mlinzi akataka naye apewe karatasi. Taratibu peke yake alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayemwona akivuka barabara yenye magari.

Meneja akagonga mizani kwa funguo. Wakanyamaza.

"Watu wanne, majibu matatu," akasema polepole. "Na mimi ningewafungia nje mawakala wote, asubuhi na mapema, nikiwa na vyeo vyangu vyote." Akamgeukia afisa. "Soma tuhuma."

"'Hakufuata maelekezo ya kazi.'"

"Huyu hakukosa kufuata. Alifuata mpaka shimoni. Futa hiyo."

"Lakini vifaranga, mama..."

"Vifaranga nitazungumza na waliotuuzia chombo." Akamtazama Mwandishi juu ya miwani. "Na wewe utakaa hapo uyaandike haya uliyosema, kwa mkono wako, utie sahihi. Unajua nitaipeleka wapi?"

"Kwa mwajiri wangu."

"Leo hii."

Mwandishi akakaa juu ya boksi, akaandika. Aliandika kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kwenye kazi yoyote, kila kitu kwa jina lake, hata kama jina lilijirudia mara tano. Alipotia sahihi, Meneja aliichukua karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akaguna.

"Hii inaeleweka," akasema. "Karani, kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe kwenye kiti chako."

Taratibu alitaka kusema ahsante. Ilitoka sauti tu. Mchukuzi akampiga kofi la mgongo lililomsogeza mpaka juu ya mizani, mshale ukaruka, na mlinzi akaisoma namba kwa sauti ili wote wasikie.

*

Ijumaa Mwandishi alipanda ngazi za ofisini moja moja. Alikuwa amekwisha panga maneno ya kuaga. Mhandisi alikuwa peke yake, mbele yake pana lundo la taarifa za matukio zilizochapishwa, nyingine zina alama nyekundu.

"Kaa," akasema. "Tangu kidirisha kitoke tumepigiwa simu tisa za mawakala kufungiwa nje. Ofisi nne tofauti. Nimezisoma zote, moja moja. Saba zilitokea hatua ya nne." Akalisukuma lundo kwake. "Soma chanzo."

Hakuwa na haja ya kusoma. Kosa la mtumiaji. Kosa la mtumiaji. Kosa la mtumiaji. Ile ya juu kabisa aliiandika yeye.

"Watu saba," Mhandisi akasema, "na sisi tumekaa hapa tunacheka hawajui kusoma."

Mwandishi akaigeuza ile ya juu kifudifudi.

"Barua yako sikuitia sahihi. Ulikwenda kwa mteja bila ruhusa, hilo siwezi kulifumbia macho, na mkurugenzi alitaka uondoke leo. Nimemwonyesha hizi." Akagusa lundo. "Tumekubaliana onyo la maandishi, na miezi mitatu mingine ya majaribio."

Alisubiri sakafu ipasuke. Haikupasuka. Miezi mitatu, alikuwa ameshajiandaa kwa sifuri. Pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu mpaka karatasi ya juu ikatikisika.

"Na aliyesema mistari miwili?" akauliza. Hakujua ujasiri ulitoka wapi.

Mhandisi akakuna shingo. "Nimemwandika kwenye ripoti. Kwa jina na cheo. Tayari ana onyo lake." Akavuta kiti chake karibu na skrini. "Haya, fungua maelezo yote, tangu ukurasa wa kwanza. Kila palipo na *i* au *ki* tujiulize ni nini hasa. Na kidirisha nimekipanua. Kikijaa, kijae."

Wakakaa mpaka saa nane mchana. Walipata nyingine nne. Kulikuwa na *ifunge* ambayo ingeweza kuwa programu au akaunti. Kulikuwa na *kitume* ambacho Mhandisi aliapa kinamaanisha kibali na Mwandishi, aliyekiandika, hakuwa na uhakika tena. Waligombana kweli kweli juu ya hicho, kama ndugu, na mwisho wakamwita muuza rangi wa chini aje awasomee.

Alifika nyumbani saa tisa. Cherehani ilikuwa kimya. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kizingitini na shuka mapajani, anashona kwa mkono, na Mwandishi alijua mara moja kwamba si kawaida, kwani Bi Mkubwa huchukia sindano ya mkono.

"Mashine imeharibika?"

"Sema polepole. Imekuwaje huko?"

"Sijafukuzwa, mama. Wameniongezea miezi mitatu, na onyo."

"Onyo linaliwa?"

"Haliliwi."

"Basi si kitu." Akamwachia nafasi kizingitini, akamshika goti, akaliacha goti. "Kwa hiyo mwisho wa yote kakosea nani?"

Mwandishi akafikiri. "Mimi. Na bosi wangu. Na kidogo lugha."

"Lugha ina mshahara?"

"Haina."

"Ina bahati. Hakuna wa kumwandikia barua."

Mwandishi akacheka, na kicheko kikaendelea kuliko mzaha wenyewe, mpaka akalazimika kujifuta macho kwa upindo wa lile shuka la mteja. Akainuka aende chumbani kumpa mumewe habari. Bi Mkubwa akamdaka sketi.

"Unakwenda wapi?"

"Kumpa habari. Si amesharudi zamu?"

"Karudi saa nane. Kalala na viatu, hata mlango hakuufunga." Bi Mkubwa akainua sindano kuelekea chumbani. Kutoka ndani ilikuwa inakuja sauti nzito, isiyo na haraka, ikipanda na kushuka. "Mwache. Hebu sikiliza. Hivyo ndivyo anavyokoroma mtu mwenye kazi."